Limbu na Kimeo Chake

Tulikuwa watatu juu ya lori la pamba, tukielekea Bariadi. Mimi nilikuwa natoka kumzika mama yangu. Limbu, mkulima wa Kasoli, alikuwa akipumua kwa mdomo na kusafisha koo kila baada ya maneno mawili.

"Nashuka pale mbele kwa mganga nikakatwe kimeo," alimwambia mama Minza aliyekaa kando yake. "Hiki kinyama cha kooni kimerefuka. Koo linawasha na pua imeziba tangu mavuno."

"Unalala wapi, baba?"

"Chumbani, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma, "na pamba yangu. Siku hizi wanunuzi wamekuwa wengi, nasubiri atakayepandisha bei. Nikiiweka nje wataiba."

"Unalala na vumbi la pamba, halafu unakilaumu kimeo."

"Mke wangu analala humo humo. Mbona yeye haumwi?"

"Labda halali. Anasikiliza unavyokoroma."

Limbu alicheka mpaka akakohoa. "Jirani anasema nimerogwa, dukani wamenipa vidonge vya mafua, wewe unasema pamba. Nimsikilize nani?"

"Nenda hospitali. Mtoto wa dada yangu alikatwa kimeo, akatoka damu siku nzima."

"Akafa?"

"Akapona. Ila koo linamwasha mpaka leo."

Nilitaka kumshauri Limbu. Lakini mama yangu tulimpa kila dawa tuliyoambiwa, na mpaka sasa sijui kilichomuua.

Lori lilisimama penye nyumba ya mganga. Limbu alishusha mguu mmoja, mwingine akauacha juu ya pamba, na dereva akauliza kama anashuka.