Mzee Kumi na Gauni Tupu la Nansio

Mzee Ndalahwa Shimba anastaafu tarehe 31 Desemba 1996, baada ya miaka ishirini na saba ya kupiga picha katika studio yetu ya Mkuyuni. Mimi, Shamsha, nimesafisha filamu zake miaka kumi na minne. Ni mtu wa watu, mcheshi, na hakuna birika la chai aliloliacha na kitu.

Mwaka 1993, bidhaa za nje zilipojaa mjini, bosi wetu Mahesh alinunua flashi mpya inayojipimia mwanga. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Picha moja ilitoka nyeupe kama unga, inayofuata giza. Kule Nansio, kisiwani, mzee mmoja, Chenge, alitoka giza kwenye picha ya ubatizo. Wiki hiyohiyo akafariki. Mwezi uliofuata bibi harusi Hellen akatoka giza uso mzima, picha nne. Watu wakasema flashi inachagua wa kufa. Wakwe wakaogopa, wakataka Hellen arudishwe kwao.

Ndalahwa hakucheka. Alipanda meli akarudi Nansio, akaomba gauni la harusi, akalitundika sebuleni, tupu, akapiga filamu nzima, mara gauni, mara ukuta mtupu. Nilipoisafisha niliona ukuta wa giza, na gauni limesimama bila mtu. Picha za ukuta peke yake zilikuwa safi. Kumbe weupe wa gauni ulilidanganya jicho la flashi, likakata mwanga mapema. Na picha ya Chenge ilikuwa ya mwisho kwenye filamu. Betri zilishachoka, kitaa chekundu cha kuonyesha iko tayari kikawaka kabla flashi haijajaa.

Tangu hapo alizima kule kujipimia. Alipima umbali kwa kamba yenye mafundo, na kabla ya kila picha alihesabu kwa Kisukuma hadi kumi, flashi ijae. Ndiyo maana tunamwita Mzee Kumi. Alimpiga Hellen picha upya, uso ukatoka wote, hadi kovu la kidevuni. Hellen yuko kwa mumewe mpaka leo.

Ijumaa iliyopita tulipiga picha ya kuagana, kamera ikitegwa ijipige yenyewe. Betri mpya, kamba imenyooka, kumi zote zikahesabiwa. Sote tumetoka vizuri. Ndalahwa peke yake, katikati yetu, ametoka giza. Alicheka, akasema ni shati jeupe. Shati lilikuwa la kahawia, na flashi haijipimii tena. Anajua kuliko sisi. Nasema wazi, naogopa.

Picha hiyo hatuitundiki. Asante, Mzee wetu, kwa kila uso uliourudisha. Jumatatu tunafungua saa mbili. Njoo tukupige nyingine, na safari hii tutahesabu sisi, hadi mia. Uishi, Mzee. Uishi sana.