Kufuli na Mawe Yaliyolala Kifudifudi

Miaka thelathini na moja na miezi minne! Ndiyo aliyokaa nasi hapa makumbusho mtunza stoo wetu, yule tunayemwita Kufuli, na Ijumaa hii tarehe thelathini anarudisha funguo. Nimeambiwa niandike kwenye gazeti letu la kazini mimi mfagiaji, eti kwa sababu nayajua ya kila mtu. Haya, someni.

Alianza kama kibarua wa kuchimba kwenye yale makaburi ya watu wa kale kabisa, ambao hata chuma walikuwa hawakijui. Yeye ndiye aliyelitoa jiwe la kwanza: bapa, upana wa kiganja, limechongwa mistari kama miale ya jua, limefukiwa mlangoni mwa kaburi. Yakafuata mengine arobaini. Yote yamelala kifudifudi, upande wa michoro chini, na mistari yake safi utadhani ya jana. Sasa mtu mzima atoke jasho kuchonga kitu kizuri vile, halafu akifukie? Mtaalamu wetu akasema ni sadaka ya jua. Dereva akasema huo uchawi, ndiyo maana gari haliwaki. Kila mtu alikuwa na lake, isipokuwa Kufuli. Alipopewa stoo ayatunze, akayapanga rafuni, akafunga mlango na mdomo. Na mtu akinyamaza namna hiyo, mimi usingizi hauji.

Halafu mambo yake yenyewe yalitia shaka jamani. Asubuhi anakuja magoti yana udongo. Udongo wa wapi, na stoo nafagia mwenyewe? Mkoba wake wa chakula unaingia mwepesi, unatoka mzito. Nikamnong'oneza mpishi, nikamwambia usimwambie mtu. Mpishi akamwambia dereva, dereva akamwambia mkurugenzi. Tangu hapo mlinzi akawa anaukagua mkoba kila jioni, mbele yetu sote, miaka miwili. Alichokuta ni vipande vya mawe ya sakafu walivyotupa mafundi. "Vya bustani," anasema Kufuli. Kukasirika hakasiriki. "Kagua vizuri, mdogo wangu, kesho nabeba kaburi zima."

Wiki mbili zilizopita jirani yake akapiga simu: kuku wake amechakura uani kwa Kufuli, limetokea jiwe la kuchongwa. Weee! Barua ya kustaafu ikasimamishwa palepale. Yakiwa mawe yetu, hakuna kuagana, ni polisi. Akaenda mkurugenzi, akaenda mtaalamu na mlinzi, na mimi nikapanda gari bila kualikwa. Mke wake alitupokea mlangoni, mikono kiunoni. "Chimbeni tu shemeji zangu, hata hiyo bustani ilikuwa inalilia jembe."

Wakachimba. La kwanza, la pili, hadi kumi na mawili, yote yana miale ya jua. Mtaalamu anayahesabu kwa sauti. Mimi moyoni nasema, si nilisema! Kufuli kakaa kwenye kigoda, katulia kama maji ya mtungini. Ndipo mlinzi akainama shimoni akaibuka na kizibo cha plastiki cha chupa ya soda, kimekwaruzwa mwaka kwa msumari. Kumbe chini ya kila jiwe kuna kizibo! Mwizi gani wa vitu vya kale anaweka kizibo cha soda?

"Ili atakayechimba baada yangu asidanganyike," akasema Kufuli. Mawe alichonga mwenyewe. Sita aliyafukia chali, sita kifudifudi, akayaacha miaka kumi na mitano. Yaliyolala chali, mizizi imeingia kwenye mistari imeitafuna. Yaliyolala kifudifudi, safi.

"Nyie mnasema walizika," akasema. "Mimi mtunza stoo. Nikiona kitu kimelazwa hivi, najua mwenyewe alitaka kuja kukikuta."

Mtaalamu hakubisha. Alisema tu huo bado si ushahidi, kisha akaomba ruhusa ayaandike. Tulirudi stoo tukafungua rafu zote, na mawe yetu arobaini na moja yapo, hata kipande hakijapotea miaka yote hiyo. Barua ikatoka siku ileile.

Kufuli, tunakushukuru. Na kwa kuwa gazeti hili linasomwa na wote, niseme hapahapa: aliyeanza yale maneno ni mimi. Nilimwambia mwenyewe pia, kwenye korido. Akacheka, akaenda zake, sikujua kanisamehe au la.

Jana nimekuta jiwe bapa kwenye ndoo yangu ya deki, limelala kifudifudi juu ya kizibo. Upande wa chini huenda kuna msamaha, huenda kuna sura yangu mdomo wazi. Nimeliweka dirishani hivyohivyo lilivyolala, na sijaligeuza. Ndiyo, mimi! Siku ukija kututembelea, uligeuze mwenyewe.

Mungu akupe uzee wa raha, wewe na shemeji yetu, na bustani isiyochimbwa na kamati.