Honi Amechoka: Maisha ya Dereva wa Lori Aliyewaendeshea Wagonjwa Baiskeli

Tunayemzika leo aliitwa Honi na karibu kila mtu aliyemjua, mkewe pia, hasa siku ambazo alikuwa amemkasirikia. Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1956, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la saruji, na mama yake alifua nguo za watu. Nyumba yao ya vyumba viwili iliegemea ukuta wa ghala, kwa hiyo malori yalipopakia alfajiri, vikombe vilicheza kabatini. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba watoto wenzake walianza kusema kwa kuita mama au baba, lakini huyu alianza kwa kunguruma. Walimwogopa kidogo, kisha wakamzoea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari kwa miaka miwili. Baba yake alipoumia mgongo kazini, masomo yakaishia hapo. Hakuwa mwanafunzi wa kutolewa mfano. Mwalimu wa jiografia ndiye pekee aliyemsikitikia.

"Mito hujui hata mmoja," mwalimu alimwambia, "lakini barabara zote unazo kichwani."

"Mito haiendi ninakotaka mimi, mwalimu."

Aliingia kwenye malori mwaka 1974 akiwa utingo, mtu wa kufunga turubai, kuweka mawe chini ya magurudumu na kulala juu ya mzigo. Mwaka 1979 alipata leseni, akaajiriwa na kampuni moja ya usafirishaji na kubaki nayo mpaka alipostaafu mwaka 2014. Hapo ndipo alipopata jina lake. Alifunga kwenye lori lake honi ya sauti tatu, na hakuwa bahili nayo. Aliwapigia wachungaji, mabasi, hata vivuli, lakini walioteseka zaidi walikuwa waendesha baiskeli. Aliwaita nzi wa barabarani. Wapo hapa leo wazee waliowahi kuingia mtaroni na mizigo yao kwa sababu ya honi ile, na tunashukuru kwamba wamekuja hata hivyo.

Mke wake alimpata kwenye mizani ya malori, ambako dada huyo alikuwa karani. Siku moja ya mwaka 1983 alimzuia kwa sababu lori lilizidi uzito.

"Gari limezidi," alimwambia.

"Si gari, dada. Ni mimi, nimekula sana."

"Basi shuka tupime tena."

Akashuka. Lori likawa limezidi vilevile, na faini akalipa. Safari iliyofuata alipita tena na lori tupu kabisa, halina hata mfuko mmoja, akaomba lipimwe. Walifunga ndoa tarehe 4 Februari 1984, na Mungu akawajalia mabinti wawili na mwana mmoja. Watoto walimjua baba yao kama mgeni wa mwisho wa mwezi. Mama ndiye aliyewalea, akawapeleka shule na kuwachapa. Baba alikuja na mkate, akalala siku nzima, wakaambiwa wasipige kelele. Hatusemi haya kwa kumlaumu. Barabara ilikuwa inamrudisha nyumbani akiwa amekwisha.

Mtu aliyekaa naye zaidi kuliko yeyote kati yetu alikuwa utingo wake, tuliyemwita Kamba kwa vile hakuna fundo lililomshinda. Walisafiri pamoja miaka kumi na tisa. Walinuniana, walipatana, walikula sahani moja. Mwaka 2012 Kamba alianza kusikia kitu shingoni, kama punje iliyokwama. Wenzake walimcheka. Baadaye punje ikawa uvimbe, na hospitali ya rufaa ikasema ni saratani ya koo na kwamba atahitaji mionzi kwa wiki sita. Kamba alikuwa ametoka mbali, na katika mji ule hakuwa na ndugu. Honi alipomfuata baada ya safari moja alimkuta amelala kwenye benchi la ukumbini, viatu vikiwa chini ya kichwa ili visiibiwe, pamoja na wagonjwa wengine waliokuwa wakingoja zamu zao. Wengine walikuwa wamelala sakafuni.

"Unalala hapa?" Honi alimuuliza.

"Juu ya saruji tulilala vizuri zaidi," Kamba akasema kwa sauti iliyobaki. "Angalau saruji ilikuwa inatupeleka mahali."

Honi aliomba likizo. Alikaa naye kwenye benchi lile mpaka kampuni ikamwita. Kamba alifariki wodini mwezi Juni 2013. Honi aliporudi wodini kuchukua blanketi na chupa ya chai ya rafiki yake, alikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Wauguzi wa mionzi walikuwa wanaandaa mbio za baiskeli za siku tatu, kutoka kituo cha mwisho cha reli hadi lango la hospitali, ili kuchangisha fedha za kujenga nyumba ya kulala wagonjwa wanaotoka mbali. Kila mwendeshaji angetafuta watu wa kumchangia.

Alipomwambia mkewe kwamba naye atapanda baiskeli, mama alikaa chini kwanza.

"Wewe? Uliyewatupa watu mitaroni?"

"Nao wakinitupa, mitaro naijua."

Alinunua baiskeli ya muuza maziwa, nzito kama kitanda, akajifunza upya akiwa na miaka hamsini na saba. Majirani walitoka nje kutazama. Kuchangisha nako alikufanya kwa namna yake. Alisimama kwenye lango la maegesho ya malori na kuwaambia madereva wenzake: changa, halafu ukinikuta barabarani una ruhusa ya kunipigia honi. Walichanga kwa furaha kubwa. Siku tatu zile alipigiwa honi mpaka masikio yakaziba. Alifika lango la hospitali siku ya mwisho wakati mabango yamekwisha kuteremshwa na viti vimepangwa kimoja juu ya kingine, na mfagizi ndiye aliyempigia makofi.

Akaendelea. Mwaka baada ya mwaka, isipokuwa mmoja alipovunjika kiwiko, alipanda baiskeli ile. Na kila mwaka kuomba kulikuwa kugumu kuliko kupanda mlima. Madereva walianza kumwona kwa mbali na kuambizana, "Honi huyo, jifanye umelala." Alijua wanajifanya, kwa sababu ujanja huo yeye ndiye aliyewafundisha. Aligonga kioo hata hivyo, akangoja.

Nyumba ya wagonjwa ilifunguliwa mwezi Oktoba 2018. Ina vyumba, vitanda, bafu na jiko. Wiki iliyofuata Honi alipita ukumbini na kukuta benchi limejaa kama zamani. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna mahali pa kulala, na wagonjwa ambao zamani wangebaki makwao kufa walikuwa wamekuja. Siku hiyo alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Tunateka maji kwa pakacha," alimwambia mkewe.

"Basi acha."

"Na wale waliolowa kidogo?"

Mama akampa chai.

Mwezi Septemba 2022 chakula kilianza kumkataa. Vipimo vilionyesha saratani ya tumbo, na ilikuwa imekwisha kutembea. Alipewa dawa za dripu, na wakati wa matibabu alilala katika nyumba ile ile aliyoichangia. Wahudumu walitaka kumpa chumba cha peke yake. Alikataa, akachukua kitanda cha kati katika chumba cha pamoja kama mgonjwa mwingine. Alichofanya cha pekee ni kulalamika kwamba mlango unalia, kisha akapaka bawaba mafuta kwa mkono wake.

Mbio za 2023 zilipokaribia, waandaaji walikuja nyumbani na zawadi. Ilikuwa fulana yenye picha yake kifuani, na chini yake maneno makubwa: HONI HACHOKI. Walikuwa wamechapisha mamia. Waliondoka wakiwa wamefurahi sana. Honi aliikunjua fulana mapajani, akaitazama muda mrefu.

"Waambie umechoka," mkewe alisema.

"Nitawaambiaje? Wamekwisha kuchapisha."

Alipanda. Binti yake mkubwa, mwalimu wa hisabati, alimsihi, akafika hata kuficha pampu. Alipanda hata hivyo, akiwa amepungua mpaka fulana ilimcheza mwilini. Siku ya kwanza alimaliza. Siku ya pili, katikati ya mteremko, si mlima, mteremko ambao baiskeli ingejiendea yenyewe, alifunga breki, akailaza baiskeli kwenye majani na kukaa kando yake. Watu waliovaa uso wake walimpita wakishangilia, wakidhani anafunga kamba za viatu.

Gari la mwisho, lile linalookota walioshindwa, lilimkuta hapo. Ndani alikuwemo dada mmoja mhasibu, ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia, analia kwa aibu. Honi alikaa kando yake.

"Baba, hata wewe?" yule dada akauliza.

"Hata mimi. Lia mwanangu, ukimaliza ufunge mkanda."

Langoni mwa hospitali, siku iliyofuata, walimpa kipaza sauti. Walitegemea maneno ya kutia moyo. Aliwashukuru wauguzi, akawashukuru madereva, kisha akasema:

"Hii fulana ni nzuri, lakini si kweli. Nimechoka. Nimechoka tangu mwaka jana. Changeni kwa ajili ya wagonjwa, lakini wasilazimike kuwa mashujaa ndipo wapewe kitanda."

Mshereheshaji akaharakisha kuwasha muziki. Lakini mama mmoja mgonjwa, kitambaa kichwani, aliacha foleni ya mionzi, akaja kumshika mkono. "Nami nimechoka, kaka," alimwambia. "Sikuwa na wa kumwambia." Walikaa wawili kwenye ngazi mpaka mama yule alipoitwa.

Mwezi Januari 2024 daktari alipendekeza dawa nyingine, kali zaidi, zenye matumaini machache. Honi aliomba arudi nyumbani. Binti yake mkubwa hakukubali.

"Baba, unakata tamaa?"

"Sikati tamaa. Naegesha."

"Na sisi tufanye nini?"

"Mkae nami garini."

Binti alitoka bila kuaga, na kwa wiki mbili hakuja. Honi hakumtuma mtu wala hakumpigia simu, alisema tu, "Atakuja, mizigo mizito hupanda taratibu." Alikuja Jumapili moja na kikata kucha. Hawakuzungumza habari za dawa tena. Alimkata baba yake kucha za miguu, mmoja baada ya mwingine, akimsomea makosa ya wanafunzi wake kwenye mtihani, na baba akacheka mpaka akaomba apumzike. Tangu siku hiyo alikuja kila jioni. Mama naye, aliyekuwa hajalala usiku kucha kwa miezi, akaweza kulala chumba cha pili, mlango wazi.

Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, asubuhi, mkewe akiwa anamlowanisha midomo kwa pamba. Hakusema neno la mwisho la kukumbukwa. Aliuliza kama nje kunanyesha, akaambiwa hapana.

Ameacha mjane, mabinti wawili na mwana mmoja, wakwe watatu, wajukuu watano, dada wawili, kaka mmoja, na mjane wa Kamba, aliyemhesabu kuwa shemeji yake hadi mwisho. Familia inawashukuru wauguzi wa mionzi, wahudumu wa nyumba ya wagonjwa, na madereva wote waliogongewa vioo.

Tunawaomba jambo moja. Mtakapokuja kutupa pole, msituambie kwamba alipigana mpaka dakika ya mwisho. Alifanya kazi, akapenda, akachoka, akasema amechoka, na sisi, kwa kuchelewa, tukamsikia. Apewe usingizi wake wote, na asiamshwe. Alale kwa amani.