Samaki wa Asali Hakutoka kwa Memsahibu

Kaeni, wanangu. Aliye karibu na redio aizime, na mlango ufungwe, maana leo Krismasi majirani watapita wakitafuta chai, na maneno haya si ya majirani. Mathenge, mwanangu wa kwanza, kaa hapa nikuone uso. Waithira, mwanangu wa pili, achana na huko jikoni, tanuri linajua kazi yake. Monicah, mke wa Mathenge, sogea karibu. Na wewe Ngatia, ndugu ya marehemu mume wangu, usijifanye umesinzia. Nakujua miaka arobaini na sijawahi kukuona ukisinzia kabla ya kula.

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Angeniuliza ningemwambia umechoshwa. Sina hofu ya kufa, wanangu, nina hasira, na sitaki kwenda nayo kaburini kwa sababu huko hakuna wa kuisikiliza.

Mambo ya shamba ni mafupi. Upande wa mto ni wa Mathenge. Upande wa barabara ni wa Waithira, awe ameolewa au hajaolewa, na Ngatia asilete neno la ati msichana harithi, kwa maana kahawa hiyo niliipanda nikiwa nimembeba Waithira mgongoni, na yeye Ngatia alikuwa amekaa kivulini akitushauri. Mizinga ya nyuki muigawane bila kelele. Kinachobaki ni ile stovu ya chuma, ya kuni, yenye tanuri ubavuni, na hiyo ndiyo imenifanya niwaite. Najua kila mmoja anaitazama. Mathenge anataka kuipeleka mjini Nyeri kwenye hoteli yake hata kabla matanga hayajaisha. Atakayeirithi amerithi samaki, na atakayemrithi samaki amerithi jina langu, na jina langu ndilo mmelichezea.

Yule mama wa kizungu niliyempikia kule karibu na Mweiga alikuwa na njia moja tu ya kupika trauti, samaki yule wa madoadoa ambaye mumewe alimvua mtoni Honi. Alimchemsha kwenye maziwa mpaka akawa mweupe na laini kama pamba ya hospitali. Krismasi ya mwisho kabla ya bendera yetu kupanda, wageni kumi na wawili wakiwa tayari mezani, maziwa yakakatika, naye akakimbilia chumbani kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa na chupa ya asali aliyoniletea baba yangu. Nikakamua malimau, nikaponda tangawizi na kitunguu saumu, nikachanganya, nikawapaka wale samaki na kuwasukuma tanurini, na kila walipoanza kukauka nikafungua nikapaka tena, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka ngozi ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Wazungu wale walilamba vidole, uma ziko mezani. Mmoja akauliza huu ni upishi wa nani. Yule mama, mimi nikiwa nimesimama hapo na sinia mkononi, akasema, "Ni wa nyanya yangu." Nikaendelea kupakua. Siku zile kunyamaza kulikuwa sehemu ya kazi.

Uhuru ukaja, yeye akauza shamba akaenda zake, akaniachia stovu kwa sababu ilikuwa nzito kuliko shukrani zake. Ikaletwa hapa Gatitu kwa mkokoteni wa ng'ombe. Krismasi iliyofuata nikaoka samaki wanne kwa mikono yangu, nikawatandaza mezani mbele ya watu wa mume wangu, nikidhani mcheza kwao hutunzwa. Ngatia, wewe ndiye uliyesimama. Ulisema, "Hiyo ni nyoka ya maji, na huyu mwanamke ametuletea uchafu kwa nyumba ya baba yetu." Mkaniletea sufuria yangu peke yangu, sahani yangu, kijiko changu, visiguse vyombo vya nyumba. Nikala kwenye banda la kuni. Gatimu, baba ya watoto wangu, Mungu amlaze pema, alitazama chini kana kwamba ameangusha sindano. Miaka tisa nilikula samaki wangu bandani, mvua inyeshe isinyeshe, na aliyekuja kuketi na mimi ni Waithira peke yake. Ningesema yaliyopita si ndwele, lakini hayajapita. Hakuna aliyewahi kuniambia pole.

Nipeni maji kidogo. Asante.

Sasa wewe Mathenge. Ulifungua hoteli mjini, ukaona maofisa wa serikali wanauliza samaki, ukanunua samaki, ukamwambia mpishi wako amtokose saa tatu pamoja na chumvi ya magadi, kama anayepika githeri ya mahindi na maharagwe, ati nyoka itoke kwanza ndani yake. Wateja wakaletewa uji wenye miiba! Ndipo ukamkumbuka mama. Ulikuja alfajiri kwa mlango wa nyuma, usionekane na baba yako mdogo huyu, ukaniambia, "Maitu, mama yangu, nisaidie, hii kitu imenishinda." Nikakusaidia. Niliwaoka hapa, ukawabeba kwa pikapu yako, na mji ukajaa sifa zako. Ndipo siku moja nikapanda gari kwenda kukuona, nikakuta ubao juu ya mlango, herufi nyekundu: SAMAKI WA MEMSAHIBU. Nilikuuliza, Mathenge, na ulinijibu nini? "Maitu, kastoma hawezi kuamini samaki ya mama wa Gatitu. Watasema, huyo anajua nini na samaki? Hiyo ni jina ya biashara tu." Jina ya biashara! Mzungu aliniibia nikiwa mtumishi wake, na mwanangu akaniibia tena nikiwa mama yake. Asante ya punda kweli ni mateke.

Na bado hilo si la mwisho. Miaka kumi na miwili unauza samaki huyu, unawaambia watu "ni tamu sana, mzee, onja," na wewe mwenyewe hujawahi kumtia mdomoni. Unadhani sijui? Unaosha mikono kwa sabuni mara mbili ukishabeba sinia. Unakula pesa ya samaki lakini samaki mwenyewe unamwogopa.

Atakayeirithi stovu asikie upishi wenyewe, sitarudia. Siku za kawaida, watoto wametoka shule na kila mtu ana njaa, usijisumbue na asali: sukari kijiko kimoja, limau, tangawizi, chumvi kidogo, moto wa wastani, na kabla ugali haujaiva samaki yuko tayari. Sikukuu ndiyo ya asali. Usimpake yote mwanzoni, itaungua iwe chungu. Mwache samaki apate joto kwanza, ndipo umpake kidogo, umrudishe, umpake tena. Usiondoke kwenda kupiga gumzo. Samaki wa asali anataka mtu anayengoja.

Waithira, toa huyo samaki sasa. Mgawie kila mtu kipande, ale hapa mbele yangu. Mwenye njaa hana miiko, na asiye na njaa leo basi ale kwa heshima. Kula, Ngatia. Usifunike sahani kwa kofia, nakuona. Mathenge, hapana, si kwa mkate. Peke yake. Tafuna. Nimekwambia tafuna, si kumeza kama dawa. Ngojeni nipumzike...

Haya. Niambieni. Yukoje? Ngatia? Tamu, asema, na tayari anatafuta kingine; mwonja asali haonji mara moja. Mathenge? "Ni tamu sana, Maitu." Vizuri. Na wewe Monicah? Sema, binti yangu. Usimtazame mumeo, nitazame mimi. Sema kwa sauti.

Mmemsikia? "Hana chumvi."

Hana, wanangu. Hata punje. Nilimwambia Waithira asitie, na yeye hajui kunikaidi. Mathenge, leo umeonja kwa mara ya kwanza, na neno ulilonipa ni lile lile unalowapa wateja. Hukumwonja samaki, ulimwogopa mama. Lakini Monicah anajua. Miaka hii miwili tangu miguu yangu ikatae, yeye ndiye anayewaoka, na mimi huona miiba kwenye jivu asubuhi. Anakula pale pale kando ya moto, amesimama, haraka haraka, kabla pikapu haijafika. Nilimwona na sikumwambia kitu, na hilo ni kosa langu, kwa sababu nilijua kabisa jinsi chakula hicho kinavyopita kooni.

Stovu ni ya Monicah. Si ya hoteli, si ya Mathenge, ni ya Monicah, na ikiwa ataondoka, aondoke nayo. Waithira, usiumie, wewe una upande wa barabara na una mikono yangu. Mathenge, ubao ule uteremshwe kabla sijateremshwa mimi. Andika jina la mama yako, Wakonyo. Herufi nyekundu hizo hizo, sina ubaya na rangi.

Pumzi... inakwisha. Leteni mikono yenu. Nawatemea mate ya baraka kifuani kama nyanya zangu walivyofanya, na Mungu wa kanisani asikie pia. Mzae. Mizinga yenu ijae. Msile kwa kujificha, na asiwepo atakayekula kwa kujificha kwa sababu yenu. Ngatia... hata wewe. Nimekubariki, ingawa mate yamepungua.

Nimemaliza. Mathenge, inuka hapo. Mpe mkeo kiti. Ale akiwa ameketi.