Kidole, Aliyetaka Simu Ipite

Jina lake la vyeti limechapwa kwenye jalada la karatasi mliyoshika. Nyumbani hakuna aliyelitumia. Alikuwa Kidole, na aliitwa hivyo kabla hajatimiza miaka mitatu, kwa sababu hapakuwa na tundu ambalo hakulitia kidole: tundu la ufunguo, tundu la soketi, tundu la spika ya redio, na mara moja tundu la pua ya mjomba wake aliyekuwa amejilalia zake kwenye kochi.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, katika zahanati ya mtaa wa juu. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama mshonaji wa sare za shule na baba karani wa stoo, ambaye alitutoka mwaka 1989. Wasifu huu umeandikwa na mjomba wake, mdogo wake mama. Enzi hizo mjomba aliendesha gari la nguzo za simu, na mpaka leo husema kwamba ndiye aliyeleta simu katika mji huu. Kidole alipokua na kujua mambo, kila akisikia maneno hayo alikuwa akiongeza kwa upole mbele za watu, "Mjomba alileta nguzo. Simu zilikuja mwezi uliofuata, na gari jingine."

Mwaka 1983, Jumapili moja ya mpira, mjomba alitoka kuoga akakuta redio yake mpya iko chini, vipande vipande juu ya gazeti, na mtoto wa miaka tisa kainama katikati yake kama daktari. Kidole aliifunga upya, na redio ikashika stesheni mbili ambazo haikuwahi kuzishika tangu itoke dukani. Skrubu tatu zilibaki. "Hizi hazikuwa na kazi, mjomba," alisema, akampa mkononi. Ziko hapa, katika mfuko wa shati hili.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1981 hadi 1987, na sekondari ya wasichana kuanzia 1988 hadi 1991. Baba alipofariki, mama alishona mpaka macho yakawa mekundu ili mtoto asikae nyumbani hata muhula mmoja. Kutoka hapo akaingia chuo cha ufundi, fani ya mawasiliano, 1992 hadi 1994. Darasani walikuwa kumi na tisa, msichana yeye peke yake. Mjomba, ambaye yeye na shule waliachana darasa la tano bila kugombana, alimsindikiza siku ya kwanza akamweleza mkuu wa chuo kwamba kipaji hiki kimetoka upande wake. Mkuu wa chuo alimtazama mjomba juu mpaka chini, akasema wataona.

Februari 1995 aliajiriwa katika ofisi ya zamani ya simu. Alipanda nguzo, zikiwemo zile zilizoletwa na mtu mnayemjua. Huko ndiko alikokutana na mumewe, fundi saa wa barabara ya sokoni. Fundi alileta malalamiko kwamba simu ya kibanda chake imekufa. Kidole akaenda, akaunga waya. Wiki iliyofuata imekufa tena, na fundi akaapa kuwa panya wamezidi pale kibandani. Mara ya tatu Kidole aliuinua waya kwenye mwanga, akautazama ulivyokatika sawasawa, akamwambia, "Panya wako ana mkasi." Walifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1999. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Ofisi ile ilipopunguza wafanyakazi mwaka 2003, Kidole alitoka na begi la vifaa na wenzake wawili. Mwaka uliofuata wakaanzisha kampuni yao ya simu za mkononi. Ilikuwa na minara minne tu, basi watu wakaiita Minara Minne, wengine kwa mapenzi, wengine kwa dharau. Simu zao zilisikika vizuri, na wateja wakafika elfu tisa. Shida ilikuwa pale mteja wao alipotafutwa na mtu mwenye laini ya kampuni kubwa.

Mjomba alielezwa jambo hili mara nyingi mpaka likamwingia, kwa hiyo litawaingia na nyinyi. Simu ikitoka kampuni kubwa kwenda Minara Minne, lazima ivuke kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Pa kuvukia palikuwa chumba kimoja katikati ya mji, na upande wa kampuni kubwa zilitolewa njia thelathini, basi. Watu thelathini wakishaongea, wa thelathini na moja anaambiwa na sauti nyororo ya mwanamke ajaribu tena baadaye. Kidole aliandika barua kumi na moja kuomba njia ziongezwe. Alijibiwa kila mara kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Wakati huo wateja walikuwa wakihama, au wakining'iniza simu mbili kiunoni, moja ya huku na moja ya kule. Mjomba naye alining'iniza mbili, akatembea kifua mbele kama mkurugenzi, na Kidole akamwambia kwamba anatangaza msiba wa kampuni yake.

Sasa, mama yake anaishi nyuma ya kilima, mahali ambapo mnara uliopo ni wa kampuni kubwa peke yake. Laini yake ilikuwa ya huko, asingeweza kuwa na nyingine. Kila siku saa moja kamili asubuhi alimbipu bintiye: simu ilie mara moja, ikatike. Maana yake, nimeamka salama. Kidole naye akabipu mara moja: nami pia. Ndiyo mazungumzo yao, miaka nenda miaka rudi. Lakini saa moja asubuhi ndipo kila mtu anapoamka akamtafuta wake, na njia thelathini hujaa. Asubuhi nyingi simu ya Kidole ilikaa kimya mezani. Alizoea. Alikunywa chai, akasema njia zimejaa, akaenda kazini.

Jumatano tarehe 11 Juni 2008 simu ilikaa kimya. Kidole alikunywa chai, akasema njia zimejaa, akaenda kazini. Saa saba mchana jirani muuza mkaa alipita kwa mama kuulizia gunia lake, akamkuta sakafuni jikoni, nyonga imevunjika. Alikuwa amelala hapo tangu alfajiri, na simu iko juu ya kabati asipoifikia.

Mama alipona, na leo anatembea kwa mkongojo. Kidole ndiye hakurudi alivyokuwa. Kwenye benchi la hospitali, mikono katikati ya magoti, alimwambia mjomba kwa sauti ndogo, "Mama alinyamaza, nikadhani ni mtambo. Nataka siku akinyamaza, nijue ni yeye."

Baada ya hapo Kidole aliishtaki kampuni kubwa kwa msimamizi wa mawasiliano.

Ugumu wa kesi ulikuwa huu: simu ikigonga ukuta upande wa kampuni kubwa, huku Minara Minne haionekani kabisa. Mtambo wa Kidole haukuweza kuhesabu simu ambayo haikuufikia. Alihitaji mtu wa upande wa pili wa kuiandika. Akampelekea mama daftari la shule, kalamu, na saa ya ukutani ambayo fundi aliisahihisha mwenyewe ili saa moja iwe saa moja. Mama akapiga kila asubuhi. Simu ikipita jaribio la kwanza, alichora mstari, isipopita, duara. Kisha Kidole akawatafuta ndugu wengine wa wateja wake waliokuwa kwenye laini za kampuni kubwa, kila mmoja na daftari lake. Yakafika kumi na tisa. Fundi saa alisema nyumba yao imegeuka shule ya wazee.

Shauri lilisikilizwa tarehe 19 Oktoba 2010, ghorofa ya tatu, ofisi ya msimamizi wa mawasiliano, chini ya feni iliyokuwa ikilia tik, tik. Wakili wa kampuni kubwa, kijana nadhifu, alionyesha kumbukumbu za miaka miwili. Akasema simu zinazovuka hazijawahi kuzidi thelathini kwa wakati mmoja, hata siku moja. Waongeze njia za nini wakati watu hawapo?

Kidole alisimama.

"Mlango wenu unapitisha watu thelathini," alisema. "Mmekaa ndani mnahesabu walioingia. Mimi nimeleta hesabu ya walioachwa nje."

Akayaweka madaftari kumi na tisa mezani. La mama lilikuwa juu: asubuhi mia nane na arobaini na moja, mistari mia moja tisini na sita. Zilizobaki, duara, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtoto anayejifunza kuandika herufi moja. Wakili akauliza kwa tabasamu kama haya ndiyo maandishi ya kitaalamu. Msimamizi alitaka kumsikia mwandishi mwenyewe. Mama akainuka na mkongojo wake, akasema, "Mimi nilikuwa namsalimia mwanangu. Sikujua nafanya kazi ya ofisi." Chumba kikacheka, na wakili naye akacheka, lakini msimamizi alikuwa anafungua daftari la pili.

Uamuzi ulichelewa karibu miaka miwili. Katikati ya kungoja, Novemba 2011, Kidole aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alianza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na alizoeana na ile mashine kiasi kwamba wauguzi walimwomba asiiguse. Tarehe 26 Julai 2012 kampuni kubwa iliamriwa kutoa njia mia mbili na arobaini, na kuziongeza kila zinapokaribia kujaa, kwa Minara Minne na kwa kampuni nyingine yoyote ndogo itakayobisha hodi. Jumatatu tarehe 3 Septemba njia zikafunguliwa. Kidole alikuwepo katika chumba kile, bandeji ikiwa bado mkononi, akitaka kuziona taa za kijani kwa macho yake.

Kesho yake, saa moja kamili, simu ililia. Kidole alijisahau kwa furaha, akapokea. Kutoka nyuma ya kilima mama akafoka, "Unapokea ya nini? Unanimalizia salio." Akakata. Fundi saa anasema ndiyo siku pekee aliyomwona mkewe akilia.

Kuanzia hapo walisalimiana kila asubuhi. Mama hakuacha kuandika, maana mkono ulikwishazoea, na daftari likawa mistari mitupu. Kidole aliendelea kufanya kazi mpaka Desemba iliyopita, akipanda ngazi za ofisi kwa kupumzika kila kidato cha nne, na akimkataza mtu yeyote kumshika mkono. Tarehe 28 Januari 2014 alilazwa. Hata wodini simu ililia mara moja, naye akabonyeza mara moja. Mama hakuambiwa hali ilivyo. Kidole mwenyewe ndiye aliyekataza, akisema nyonga ile haistahimili safari ya kilima.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2014, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono na mjomba akiwa dirishani.

Saa moja kamili simu yake ililia mara moja juu ya kabati la kitanda, ikakatika. Fundi saa aliitazama. Mkono wake, unaoweza kushika gurudumu dogo kuliko punje ya mchele, ulishindwa kubonyeza. Ikalia tena, ikakatika. Ikalia mara ya tatu. Kisha ikalia simu ya mjomba.

"We mdogo wangu," mama alisema, "naona wale wameanza tena. Napiga, yeye hanirudishii. Njia zimejaa?"

Mjomba amewadanganya wengi waliokaa hapa, na wengi mnajua. Neno lilikuwa tayari ulimini. Angesema ndiyo, zimejaa, dada yake angekunywa chai yake kwa amani asubuhi moja zaidi. Lakini alilikumbuka benchi lile la hospitali.

"Njia ziko wazi, dada," alisema.

Mjomba alimsikia akipumua, akasikia na ile saa ya ukutani nyuma yake. Halafu mama akasema, "Basi. Nimesikia," akakata mwenyewe.

Mjomba alipofika nyuma ya kilima saa nne, daftari lilikuwa wazi mezani. Tarehe ilikuwa imeandikwa. Aliogopa kutazama pembeni yake, akatazama. Mama alikuwa amechora mstari, umenyooka kama mingine yote. Simu ilipita.

Marehemu ameacha mume, fundi saa, binti wa miaka kumi na tatu na kijana wa miaka tisa, ambaye tayari ameifungua saa moja ya baba yake na hajaifunga, mama mzazi, wenzake wawili wa Minara Minne na wafanyakazi wote, mjomba mmoja mwenye skrubu tatu, na njia mia mbili na arobaini.

Kidole, mwanetu, mama amesikia. Pumzika sasa, kwa amani yote uliyotutafutia.