Mama Mboje na Usafi Uliofagia Hadi Msingi

Tarehe 30 Juni Mama Dominika Mboje anakabidhi funguo baada ya miaka ishirini na saba katika ghala letu la nafaka hapa Sumbawanga. Aliingia akiwa karani wa mizani. Anatoka akiwa fundi wa kompyuta zote, pamoja na zile za tawi la Milepa, ambazo huzimika zikiguswa na mtu mwingine.

Ukichomeka flashi yenye picha za harusi ya shemeji kwenye kompyuta ya ofisi, alikufokea hadi madereva huko nje wakakupa pole. Kisha alikusafishia flashi, akakurudishia picha zote, akasema bibi harusi kapendeza.

Jambo moja hakulegeza: mafaili ya mfumo, yale yanayoiwasha kompyuta, yabaki yamefichwa. Si kwamba alikuwa na siri. Kirusi kilipojibanza humo aliyaonyesha, akakitoa, akayaficha tena, kama fundi wa magari anavyofunga boneti akimaliza.

Sasa tuseme la mwaka jana, maana wenye kulisema wamenyamaza. Uongozi uliamua kwamba usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi uingie hadi ndani ya kompyuta, na idara itakayofuta takataka nyingi ipewe kreti la soda. Meneja wetu, Bwana Kheri, akaagiza mafaili yote yaliyofichwa yaonyeshwe, eti kwa ajili ya uwazi. Mama Mboje alimkabili mbele yetu: "Baba, wewe ukifagia nyumba unafukua na msingi?" Akajibiwa, "Mama, hayo mambo ya zamani." Akasema, "Haya. Fagieni."

Novemba, yeye akiwa kazini Milepa, walifagia. Mafaili ya mfumo yalikuwa yamepauka kwenye skrini, idara ya mizani ikadhani yamechakaa. Kompyuta iliwauliza kama wana uhakika. Walikuwa na uhakika mno. Soda wakashinda, wakanywa. Jumatatu kompyuta haikuwaka, na mzani wa malori hausomi bila hiyo.

Mvua ikakuta foleni imefika barabarani. Mama Mboje aliposhuka kwenye bodaboda, Mzee Yohanes, mkulima wa kijiji cha Mollo, alimfungulia gunia la mahindi: "Mwanangu, yamelowa mpaka chini. Haya namuuzia nani?" Aliingia ndani akaujenga mfumo upya, na hakutoka mpaka malori yalipoanza kupimwa.

Uongozi ukawatangazia wakulima kwamba foleni ile ilitokana na uzembe wa fundi. Fundi tunaye mmoja. Tangu hapo wapo watu wa Mollo wasiopokea mkono wake, hata kanisani wakati wa kupeana amani. Hilo ndilo analoondoka nalo, na hilo ndilo linalotuchoma. Zawadi tulipomuuliza, hakutaja blanketi wala sufuria. Alitaka watu wale wale waambiwe ukweli.

Kwa hiyo wakulima wa Mollo tumewaalika sisi wenyewe, nao wamekaa safu ya mbele. Bwana Kheri, ratiba inaonyesha utazungumza kabla ya chakula. Tumepanga hivyo makusudi. Pilau haitapakuliwa mpaka useme nani alitoa amri.

Mama Mboje, asante kwa kutufokea bila kutuchoka. Tunakuombea mavuno mengi ya ulezi shambani, magoti yasiyouma, na kila utakayemsalimia akuitikie.