Cheti Kimesema Mpunga

Basi lilikuwa limeshaipita Igawa wakati Mbuke, mfanyabiashara wa Rujewa, alipomwonyesha jirani yake wa kiti, kaka mmoja, cheti cha mzigo wake uliotangulia Tunduma kwenda Zambia.

"Dada, hapa wameandika mpunga, na lori limebeba mchele. Mpakani watalizuia wiki nzima, mteja wako anunue kwa mwingine. Nipe, nina mtu Mbeya atakibadilisha."

"Kosa umeliona upesi hivyo, kaka? Au uliliandika wewe?"

"Mimi nasoma tu."

"Basi soma kwa macho, mkono toa."

Mimi niliyekaa nyuma yao najua wali tu.

Mbeya, Mbuke alishuka na cheti chake kutafuta ofisi iliyokitoa, wakirekebishe. Yule kaka hakushuka. Tiketi yake ilikuwa ya Tunduma, ingawa mtu wake alisema yuko Mbeya. Lori la Mbuke lilikuwa limeshaingia foleni ya mpakani. Mimi nilikunywa chai stendi.